Maswali ya Wasomaji: Fangasi Wadogo wa Kwenye Mbao

Mwezi huu ukurasa wote ni wa fangasi wanaoozesha mbao, tena wale wadogo kabisa ambao ukipita huwaoni au ukiwaona unadhani ni rangi imemwagika. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi, kwa hiyo yanayofanana nimeyaunganisha, na la mwalimu wa Mukono nimelijibu kwa urefu maana karibu kila mtu ameuliza hilohilo kwa njia yake.

SWALI: Shikamoo Daktari. Shule yetu ina hadubini zenye lenzi ya 4, ya 10 na ya 40 tu, ile ya mafuta hatuna. Wanafunzi wangu wa S5 wameokota tawi la mwembe lililoanguka, upande wa chini kuna kitu cheupe chembamba sana kama chokaa imepakwa, hakina kofia wala shina. Nimetafuta picha kwenye intaneti nikapata majina chungu nzima na yote yanafanana. Tuanzie wapi? (Mwalimu wa biolojia, Mukono)

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuwatoa watoto nje wakaokote wenyewe. Hayo majina yanachanganya kwa sababu. Hawa fangasi wa utando sio ukoo mmoja, ni koo nyingi tofauti ambazo kila moja kwa wakati wake iliacha kujenga kofia, maana ukiishi chini ya tawi, tawi lenyewe linakukinga na mvua na spora (vumbi lake la kuzalia) zinadondoka zenyewe, sasa kofia ya nini? Ndo maana kwa nje wote wako vilevile, weupe, wembamba, wamejilaza, na unaweza kukuta wawili wamepakana kwenye tawi moja huwezi kuwatofautisha kwa macho kumbe hata ukoo hawachangii. Picha haiwezi kukuonyesha hilo. Jina liko ndani, kwenye vitu vya maikromita chache (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na bila kumfungua huyo fangasi mnabahatisha tu.

Kabla hamjagusa hadubini, andikeni. Mti gani, tawi limeanguka au bado liko juu, lina gome au halina, utando uso wake ni laini au una meno au vitundu, ukingo wake umekatika ghafla au unaishia kwa nyuzinyuzi, na rangi yake akiwa bado mbichi, maana akikauka rangi inabadilika na hapo hamtaipata tena. Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha kwa hiyo kazi. Muangalie pia mbao yenyewe chini ya utando: kama imekuwa nyeupe na inachanika nyuzinyuzi, fangasi wenu anakula lignini (kinachoipa mbao ugumu) pamoja na selulosi (nyuzi zenyewe za mbao), huo ni uozo mweupe. Kama imekuwa ya kahawia na inapasuka vipande vya mraba mraba, anakula selulosi na kuiacha lignini, huo ni uozo wa kahawia. Hii peke yake inapunguza orodha ya majina sana, na watu wengi wanairuka.

Halafu mchukue spora. Kateni kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kilaze juu ya slaidi uso ukiangalia chini, funika ndani ya kopo na tishu yenye unyevu kidogo, mkiache hadi asubuhi. Zile zilizodondoka zenyewe ndo zilizokomaa na ndo za kupima. Za kukwangua na wembe zinakuwa zimechanganyika na changa, na saa zingine zimechanganyika na za jirani zilizopeperuka zikatua hapo.

Sasa kukata. Wembe mpya, sio ule wa jana. Chukua kisehemu kidogo sana, kidogo kuliko unavyodhani kinatosha, kata kutoka juu hadi kwenye mbao ili tabaka zote ziwepo. Dondosha spiriti kidogo kwanza itoe hewa, la sivyo mtaona mapovu tu, kisha tone la KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 3 hadi 5 ambayo inarudishia kitu kilichokauka umbo lake. Subirini dakika moja, weka kifuniko, kisha gongagonga taratibu na upande wa raba wa penseli mpaka kipande kitawanyike. Kama mna rangi ya Kongo redi itumieni maana kuta za nyuzi zinazojenga mwili wa fangasi zinaonekana vizuri mno, ila vaeni glavu kwa sababu ni rangi yenye sumu, na KOH nayo inaunguza ngozi na ikigusa lenzi inaiharibu, kwa hiyo kifuniko kikizidi maji futeni pembeni kwanza ndo mzungushe lenzi.

Swali la kwanza chini ya lenzi: ni basidio au ni asko? Tafuteni kwenye tabaka la juu seli zilizosimama wima zenye vipembe kichwani, kwa kawaida 4, kila kipembe kinabeba spora moja kwa nje. Hiyo ni basidio. Mkikuta mifuko mirefu yenye spora zimepangwa ndani, mara nyingi 8, hiyo ni asko na mko kwenye upande mwingine kabisa wa ufalme wa fangasi. Na kama basidio zimeshapukutika mmebaki na spora peke yake, angalieni kama spora ina kinundu kidogo pembeni ya ncha moja, hapo ndipo ilipokuwa imeshikamana na kipembe. Spora ya kwenye asko haina kinundu hicho.

La pili ni klampu. Hapa ndo watu wanachoka haraka. Klampu ni kijishikizo kinachotoka pembeni ya uzi, kinaruka ukuta unaotenganisha seli mbili na kujishikiza ng'ambo ya pili. Kazi yake: uzi wa hawa fangasi una nyuklia mbili katika kila seli, moja ya kila mzazi, na seli ikigawanyika ile klampu ndo njia ya pembeni ya kupitisha nyuklia moja ili kila seli mpya ibaki na jozi kamili. Koo zingine wanazo kwenye kila ukuta, zingine hawana kabisa, na zingine kama Phanerochaete wanazo moja moja huku na kule. Msizitafute juu kwenye msongamano, shukeni chini karibu na mbao ambako nyuzi zimelegea, mfuate uzi mmoja ukuta hadi ukuta. Na mwanafunzi asiandike "hakuna klampu" kwa kuangalia kuta mbili tatu, aangalie nyingi, kwenye tabaka zaidi ya moja.

La tatu ni sistidia, yaani seli tasa zinazochomoza kati ya basidio. Hizi kwa 40 zinaonekana vizuri sana na ndo zenye uzuri wa kazi hii yote kwa maoni yangu. Kuna zenye ukuta mnene zilizovikwa fuwele tupu, mtazikuta kwenye Peniophora, ule utando wa waridi au wa kijivu-buluu kwenye vijitawi vilivyoanguka, na hapo hapo spora zake zina umbo la soseji. Kuna zilizojaa mafuta mafuta ndani. Kuna zenye kichwa cha mviringo juu ya shingo nyembamba. Na kuna zile za Hymenochaete, za kahawia iliyoiva, nene, zimechongoka, na huyo hata kabla ya hadubini anajitangaza maana tone la KOH likimgusa anageuka mweusi papo hapo, na klampu hana hata moja.

La nne, aina za nyuzi. Mwaka 1932 E. J. H. Corner alionyesha kwamba mwili wa fangasi unaweza kujengwa kwa nyuzi za kuzaa tu, zile zenye kuta nyembamba na zinazotoa basidio, au zikaongezewa nyuzi za mifupa, nene na ndefu zisizogawanyika, na saa zingine nyuzi za kufungia ambazo zinajikunja na kutoa matawi matawi. Tando nyingi nyembamba kama wa kwenu zina ile aina ya kwanza tu, kwa hiyo hapa msikae sana.

La tano ndo spora: urefu, upana, umbo, ukuta, na zinafanyaje kwenye ayodini. Pimeni zisizopungua 20, andikeni ndogo kabisa na kubwa kabisa, na mgawanye urefu kwa upana maana uwiano huo unatofautisha spishi ambazo urefu peke yake unazichanganya. Kama kipande cha macho kina vistari lakini hamna slaidi ya kipimo, wekeni rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya 4 na mhesabu vistari vingapi vinaingia kwenye milimita 1. Tuseme ni 40, basi kila kistari ni maikromita 25, na mkihamia lenzi ya 40 kila kistari kinakuwa maikromita 2.5. Sio sahihi mia kwa mia lakini kwa kujifunza kinatosha, slaidi ya kipimo mtanunua baadaye.

Kuhusu kukosa lenzi ya mafuta, isiwavunje moyo. Lenzi ya kawaida ya 40 inatenganisha vitu vilivyoachana karibu nusu maikromita, ya 100 ya mafuta inafika karibu robo. Kwa hiyo basidio mtaziona, sistidia mtaziona, klampu mtaziona mkiwa wavumilivu. Mtakachokosa ni vimiba vidogo vidogo juu ya spora na unene halisi wa kuta zake.

Sasa utando wenu. Mweupe wa chokaa, kwenye tawi la mwembe. Kama mtakuta klampu kwenye kila ukuta, sistidia nyembamba zenye kichwa, na spora laini za duara-dufu zenye urefu wa maikromita 5 hadi 6 hivi, mko kwenye kundi la Lyomyces na jirani zake Xylodon. Vitabu vya Ulaya vitawavuta muandike Lyomyces sambuci moja kwa moja. Msiandike. Jina hilo lilikuwa linabeba viumbe wengi, mwaka 2017 watafiti walilichambua kundi hilo wakaeleza spishi 4 mpya ndani yake, na Afrika bado haijachunguzwa vya kutosha. Andikeni jenasi tu, Lyomyces, mweke nukta, mtunze kipande. Jenasi iliyo na ushahidi ni kazi kamili, na hilo mwanafunzi akilijua mapema atakuwa mbali sana.

SWALI: Habari kaka. Nyuma ya hosteli kuna magogo ya zamani, baada ya mvua yanatoa vitone vya rangi ya chungwa, vingine telezi, vingine visahani vidogo vinavyopitisha mwanga, vingine vigumu kama kichwa cha pini. Rafiki yangu anasema ni kitu kimoja kwa umri tofauti. Kweli? (Mwanafunzi, Gulu)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Rafiki yako amekosea, hao watatu wametengana mbali sana na bahati nzuri kila mmoja anajieleza chini ya lenzi ndani ya dakika chache.

Yule telezi bonyeza kidogo tu kwenye tone la maji. Ukiona basidio zimegawanyika juu mikono miwili mirefu, herufi Y kabisa, umemaliza, ni kundi la Dacrymyces, hakuna wengine wenye basidio za hivo. Spora zake zimejikunja kidogo na zikikomaa zinajigawa kwa kuta za ndani, hesabu hizo kuta maana spishi zinatofautiana hapo, kuna za ukuta 1, kuna za 3, kuna zaidi. Kama kina umbo la kijiko bapa chenye shina basi ni Dacryopinax spathularia, wa kawaida sana ukanda huu wa joto. Angalia na gogo lenyewe, hawa ni wa uozo wa kahawia.

Yule wa kisahani huenda ni Orbilia, na hapa naomba sana unisikilize: usimtie KOH, usimkaushe kwanza, muangalie akiwa hai kwenye maji ya bomba. Ndani ya spora zake kuna kiini kidogo angavu, cha mviringo au cha umbo la tone au la mnyoo, na umbo hilo ndo linalotofautisha spishi, ila linaonekana seli ikiwa hai tu. Ukimuua limepotea. Mjerumani Hans-Otto Baral ndiye aliyesisitiza miaka yote kwamba fangasi wa visahani wachunguzwe wakiwa hai, na ukishaona tofauti kwa macho yako huwezi kurudi nyuma. Asko zake ni fupi sana na spora ndogo sana, hapo lenzi ya mafuta ni lazima. Na cha kufurahisha, ndani ya ukoo huu wamo wale wanaotega minyoo midogo ya nematodi kwa vitanzi na nyavu za gundi humo humo ndani ya mbao, maana mbao ina naitrojeni kidogo sana na mnyoo ni chakula chenye nguvu.

Yule mgumu ni chupa ndogo yenye tundu juu, ipasue, asko zitatoka zikiwa na spora za seli mbili kama ni upande wa Nectria. Weka KOH: ukuta mwekundu-chungwa ukigeuka zambarau au mwekundu mzito, uko kwenye ukoo wa Nectriaceae. Weka asidi ya lactic kwenye kipande kingine, utageuka njano. Ukiona majibu yote mawili andika bila wasiwasi.

SWALI: Bosi, mi nauza mbao Ndeeba. Paini zangu zimeingia rangi ya buluu-kijivu ndani kabisa, wateja wanasema zimeoza wanataka bei ya kutupa. Zimeoza kweli? (Mfanyabiashara wa mbao, Kampala)

JIBU: Pole ssebo. Buluu ya ndani ya mbao kwa kawaida sio uozo, ni doa. Fangasi wa buluu nyuzi zao ni za kahawia iliyoiva, zinapita kwenye seli laini za mbao zikila sukari na wanga, ukuta wenyewe wa mbao hawaugusi sana, na kwa macho yetu hiyo kahawia ndani ya mbao inaonekana buluu. Kata kijisehemu chembamba kwa wembe, weka kwenye maji: nyuzi nene za kahawia zimejaa kwenye mistari ya miale ya mbao, hilo ni doa. Kwa nchi za joto mshukiwa mkubwa ni Lasiodiplodia theobromae, ambaye ni huyohuyo anayekausha matawi ya maembe, na yeye spora zake hazisahauliki. Zikiwa changa ni nyeupe za seli moja, zikikomaa zinakuwa za kahawia, seli mbili, zenye mistari ya urefu juu yake, na ni kubwa, maikromita 20 hadi 30. Ukiziona hizo hata kwa lenzi ya 40 umemtambua.

Kwa hiyo mteja wa kabati atalalamika na ana haki maana rangi imeharibika, lakini wa kenchi za paa usimpe kwa bei ya kutupa kwa sababu ya buluu peke yake. Ila chukua kisu ujaribu: kama ncha inazama kirahisi, kama vipande vinakatika vifupi bila nyuzi, hapo ameshaingia mwingine mwenye kuozesha kweli na hiyo usiiuze kwa kazi ya kubeba mzigo. Buluu ni taarifa kwamba mbao yako ilikaa mbichi muda mrefu, na penye unyevu wa kumtosha wa doa, wa uozo naye anakuja. Zikaushe upesi, zipangwe na vijiti katikati hewa ipite, zishuke chini ya asilimia 20 ya unyevu. Hapo fangasi wa kuozesha hawezi kufanya kazi.

SWALI: Nguzo zangu za uzio ni mikaratusi iliyotiwa dawa. Usawa wa ardhi zimekuwa laini nyeusi zikilowa, nikikwangua na kisu inatoka kama sentimita moja hivi halafu ndani ni ngumu. Uyoga sijawahi kuona hapo hata siku moja. Ni nini kinakula? (Mkulima, Masindi)

JIBU: Mzee wangu, hiyo inaonekana ni uozo laini, na uyoga hutauona maana wanaoufanya ni fangasi wa upande wa asko ambao hawajengi uyoga, na wengi wao wanavumilia dawa ya shaba inayotiwa kwenye nguzo, ndo maana wanabaki peke yao pale wengine waliposhindwa. J. G. Savory aliueleza uozo huu kama aina ya peke yake mwaka 1954, kabla ya hapo watu walijua weupe na kahawia tu.

Hapa kinachotambulika sio fangasi, ni alama anayoacha. Chukua kipande kutoka mpakani, pale laini inapokutana na ngumu, kikatwe kwa urefu chembamba sana. Ndani ya ukuta wa nyuzi za mbao, sio kwenye uwazi katikati bali ndani ya ukuta wenyewe, mtaona mashimo marefu yenye ncha zilizochongoka pande zote mbili, yamefuatana mstari, na yamepinda yakifuata mwelekeo wa selulosi ilivyojisokota. Ukikata kwa upana yanaonekana vitundu vya duara kwenye ukuta. Hakuna uozo mwingine unaoacha mashimo ya namna hiyo. Chuo au shule yoyote yenye hadubini karibu nawe inaweza kukuangalizia, na kama wana vioo vya kupolaraizi mwanga basi yatajitokeza zaidi. Kwa nguzo zenyewe, pima kilichobaki kigumu kwa kipenyo. Nguzo iliyopoteza sentimita moja kuzunguka imepoteza nguvu nyingi maana nguvu ya nguzo iko nje, haiko katikati.

SWALI: Naweza kutumia ile ayodini ya kahawia ya vidonda badala ya dawa ya Melzer, ile ya ayodini ya kupima spora? Nimeitafuta Melzer nimechoka. (Mwanafunzi wa chuo, Mbarara)

JIBU: Ile ya vidonda iliyochanganywa na povidoni hapana, ayodini yake imefungwa na majibu yake hayaaminiki. Tafuta Lugol, ni ayodini na potasiamu ayodaidi kwenye maji tu, na inapatikana. Melzer ina klorali haidreti ndani yake, dawa inayodhibitiwa na yenye sumu, ndo maana huioni madukani. Kwa spora zinazogeuka buluu-nyeusi, kama za Stereum, Lugol inafanya kazi. Kwa ncha za asko kwa kweli Lugol ni bora, kwa sababu wako fangasi ambao ncha ya asko inageuka nyekundu kwenye Lugol lakini kwenye Melzer haionyeshi chochote na mtu anaandika "hakuna" kumbe ipo. Utakapoihitaji Melzer ni kwa spora zinazogeuka kahawia-nyekundu, hilo Lugol haliwezi kukuhakikishia. Na kitu kimoja: kama ulianza na KOH au amonia, suuza kwa maji vizuri kabla ya ayodini, alikali inaua rangi yake.

SWALI: Mabira nimekuta mipira myeusi migumu kwenye gogo, na pembeni utando mweusi mgumu wa vinundu. Ni mmoja? Na naruhusiwa kuchukua? (Msomaji, Lugazi)

JIBU: Dada, anza na ruhusa. Mabira ni msitu wa hifadhi chini ya NFA (mamlaka ya misitu ya Uganda), kwa hiyo ongea nao kabla hujabeba kitu, na ukitaka kufanya utafiti rasmi kuna kibali cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Misitu ya hifadhi za taifa kama Kibale na Bwindi iko chini ya UWA (mamlaka ya wanyamapori). Ukianza na gogo la shambani kwenu hutahitaji hayo na wengi wa hawa utawakuta palepale.

Mpira ukate katikati kwa kisu. Pete za kijivu na nyeusi zikipishana, hiyo ni Daldinia, na ukanda huu D. eschscholtzii ni wa kawaida sana. Utando wa vinundu mara nyingi ni Hypoxylon au ndugu yake. Wote wawili wana spora za kahawia zenye ufa mwembamba wa urefu ambako spora itaotea, na kazi yako ni kutazama ufa huo umenyooka au umepinda na unafika mwisho hadi mwisho au hapana. Kisha chukua chembe za ganda la nje, dondosha KOH ya asilimia 10 juu ya kisahani cheupe uangalie rangi inayotoka: chungwa, kijani, zambarau, kahawia. Rangi hiyo ni sifa ya utambuzi kabisa, andika ulichoona wakati huohuo maana ikikaa inabadilika. Ila na hiyo KOH ya 10 kuwa makini zaidi na macho.

SWALI: Nikikutumia picha ya simu utanipa jina? (Wengi)

JIBU: Kwa picha ya nje peke yake hapana, kwa sababu nilizomweleza mwalimu wa Mukono. Lakini simu ni chombo kizuri, ishike juu ya kipande cha macho cha hadubini mpaka duara la mwanga lijae, piga. Nitumie ya basidio au asko, ya sistidia kama zipo, ya ukuta wenye klampu au usiokuwa nayo, na ya spora, kila moja ikiwa na kipimo au useme lenzi gani, pamoja na ya nje na ya mbao iliyooza. Hapo tutaongea.

Na kipande chenyewe usikitupe. Kikaushe kwa joto la nyuzi 40 hivi au kivulini penye hewa, usikifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) maana ukungu utakila usiku mmoja, kiweke kwenye bahasha ya karatasi. Wadudu wakiwemo, siku kadhaa kwenye friza zinawamaliza. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, mti, jina la aliyeokota, na vipimo vyako vyote hata kama jina hujapata, halafu ukiwa na vingi vizuri wasiliana na habariamu (hifadhi ya sampuli zilizokaushwa) ya Makerere uwaulize kama watavipokea. Andika kwa penseli, wino ukilowa unafutika.